Kumi Bora za Sayansi, na Roketi Haimo Tatu Bora

Orodha ya kumi bora isiyozua ugomvi haijakamilika, kwa hiyo tugombane vizuri. Wapenzi wa anga watanuna. Wapenzi wa simu watauliza simu zao ziko wapi, hazimo. Kanuni ya kugawa nafasi ni moja tu, na naitangaza mapema ili asije mtu kudai refa kahongwa: ugunduzi unapanda kadiri unavyomkaribia mtu asiye na bima, asiye na gari, na ambaye zahanati yake iko mwendo wa saa mbili kwa miguu. Uwe wa ajabu namna gani, kama mtu huyo haujamfikia wala hauko njiani kumfuata, utakaa mkiani usubiri. Haya, tuanze na mkia.

10. Jua lililowashwa maabara

Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara ya Lawrence Livermore huko California, miale 192 ya leza ilifyatuliwa kwa pamoja kuelekea kifuko kidogo chenye punje ya haidrojeni ndani yake. Viini vya haidrojeni vikabanwa mpaka vikaungana, jambo ambalo jua hulifanya kila sekunde bila kuomba ruzuku. Leza ziliingiza nishati ya megajuli 2.05, zikatoka megajuli 3.15. Kwa mara ya kwanza binadamu akapata faida kwenye biashara hiyo.

Sasa fungua ukurasa wa pili wa daftari: ili kufyatua miale hiyo, mitambo ilivuta takriban megajuli 300 kutoka gridi ya umeme. Kwa hiyo jenereta yako usiiuze kwanza. Ni sayansi kubwa na ya kweli, na Julai 2023 waliirudia wakapata zaidi, lakini umeme wake haujachemsha chai ya mtu yeyote. Makofi kwao, na nafasi ya kumi.

9. Jiwe lililosukumwa likahama njia

Saa nane na robo usiku, saa za Afrika Mashariki, kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, chombo cha NASA kiitwacho DART kilijigonga makusudi kwenye asteroidi Dimorphos, jiwe la upana wa mita 160 hivi lililokuwa kilomita milioni 11 kutoka kwetu. Chombo kilikuwa na kilo zisizofika 600, na mwendo wake ulikuwa kilomita 6 kwa sekunde. Jiwe hilo halikuwa na nia mbaya na dunia. Lilichaguliwa kwa majaribio tu, kwa sababu linazunguka jiwe jingine kubwa zaidi na mabadiliko yake ni rahisi kupimwa.

Kabla ya kugongwa lilikuwa linamaliza mzunguko kwa saa 11 na dakika 55. Baada ya hapo, saa 11 na dakika 23. Wahandisi walikuwa wamesema hata sekunde 73 zikipungua watahesabu wameshinda. Waliomba sekunde 73 wakapewa dakika 32. Sijui wizara gani imewahi kujibiwa bajeti yake namna hiyo. Oktoba 2024 Ulaya ilituma chombo kingine, Hera, kikakague eneo la tukio.

Dinosaria walipofikiwa na jiwe lao miaka milioni 66 iliyopita hawakuwa na pa kupiga simu. Sisi tumeanza kupata. Siku kinga hii ikihitajika kweli itaruka mpaka nafasi ya kwanza bila kuuliza mtu, na Mungu aiepushe siku hiyo.

8. Ramani ya kichwa cha nzi

Yule nzi mdogo anayezengea ndizi zako zilizoiva kupita kiasi, sasa ubongo wake wote uko kwenye ramani: neva 139,255, na viunganishi zaidi ya milioni 50, ndani ya kitu kisichofika upana wa milimita moja. Kazi hiyo iliyochapishwa Oktoba 2024 iliongozwa na Mala Murthy na Sebastian Seung wa Chuo Kikuu cha Princeton. Ubongo ulikatwa vipande karibu 7,000, ukapigwa picha milioni 21, kompyuta zikafuatilia kila uzi wa neva, kisha mamia ya wanasayansi na watu wa kujitolea wakakaa kusahihisha makosa ya kompyuta.

Ukimrushia kofi ukamkosa, usijilaumu. Umeshindwa na picha milioni 21. Sisi binadamu tuna neva takriban bilioni 86, kwa hiyo wachora ramani hao wasidhani wamemaliza. Tuendelee.

7. Akili mnemba inayofanya kazi ya maana

Wakati mabaraza yote yalikuwa yanabishana kama kompyuta itatuandikia barua za mapenzi, kuna moja ilikuwa kimya inakunja protini. Protini ni uzi wa shanga unaojikunja wenyewe, na umbo linalotokea mwishoni ndilo linaloamua kazi yake: hii ikamate vijidudu, hii ibebe oksijeni, hii imsaidie kimelea kuingia kwenye damu yako. Kulijua umbo la protini moja kuliweza kumla mtafiti miaka. Kwa nusu karne wataalamu walitafuta njia ya kulikisia umbo kwa kusoma mpangilio wa shanga peke yake, na kwa sehemu kubwa walishindwa.

AlphaFold, programu ya kampuni ya DeepMind ya London, ililikata fundo hilo mwaka 2020. Julai 2022 maumbo yaliyokisiwa ya protini zaidi ya milioni 200 yakawekwa mtandaoni. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata Nobeli ya Kemia, wakigawana na David Baker ambaye yeye hubuni protini mpya zisizokuwapo duniani. Ukisio unabaki ukisio, na maabara bado ina neno la mwisho. Kinachoipandisha juu ya nzi na jiwe ni kwamba hazina hiyo ni ya bure. Mwanafunzi wa Mwanza au Lubumbashi anayetafuta pa kuishika protini ya kimelea cha malale anafungua ukurasa ule ule anaoufungua mwenzake wa Boston. Anachohitaji ni bando, na kweli, bando nalo lingeshuka bei ningeliweka humu.

6. Tembo wana majina

Methali zetu zinamjua tembo kwa ugomvi: wakipigana wawili, ziumiazo ni nyasi. Sasa itabidi tumjue kwa adabu pia. Utafiti wa Michael Pardo na wenzake uliochapishwa Juni 2024 ulichambua milio 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu nchini Kenya, iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022. Ni ile mingurumo mizito, ambayo sehemu yake iko chini sana hata sikio la binadamu haliipati. Kompyuta iliyofunzwa kusoma muundo wa mlio iliweza kutaja ni tembo gani aliyekuwa anaitwa katika asilimia 27.5 ya milio. Kwa kubahatisha isingefika hata asilimia 10.

Kisha watafiti wakabeba spika wakaenda porini. Walimsikilizisha tembo mlio uliowahi kuelekezwa kwake, halafu mlio wa mpigaji yule yule uliowahi kuelekezwa kwa mwingine. Kwa tembo 17 waliojaribiwa tofauti ilionekana: mlio wake mwenyewe ukipigwa, anaisogelea spika haraka na kuitika, ukipigwa wa mwenzake, anaendelea na shughuli zake. Si mimi niliyeitwa, nihangaike ya nini?

Pomboo na kasuku huitana kwa kuiga sauti ya anayeitwa. Tembo hawaonekani kuiga, wanaonekana kumpa mwenzao sauti iwe yake, na hapo ndipo jambo hili linapokaribiana sana na sisi. Majina yalijitokeza zaidi walipokuwa mbali, na pale mkubwa alipokuwa anamwita ndama. Kila mama anayesoma hapa anaujua mwito huo, na anaijua pia ile sekunde ya ukimya kabla mtoto hajaitika.

Hata hivyo mkulima wa Taveta aliyeamka akakuta mahindi yamemalizwa hatauliza mhalifu anaitwa nani. Atauliza fidia. Ndiyo maana tembo, kwa ukubwa wote ule, ameishia namba sita, na anayempita ni panya.

5. Panya buku wa Morogoro

Hapa tukae kidogo, maana hii ni timu ya nyumbani. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens limekuwa likifunza panya buku kunusa kile ambacho mashine hukipata kwa tabu. Mafunzo huchukua miezi tisa na zaidi. Mshahara ni ndizi na karanga, na haijasikika siku wamegoma.

Kazi iliyowapa jina ni mabomu ya kutegwa ardhini. Panya ni mwepesi, halipui bomu kwa kulikanyaga. Kifaa cha kutambua chuma hupiga kelele kwa kila msumari na kizibo cha soda kilichofukiwa. Panya ananusa baruti tu, mengine hayamhusu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa anaweza kuchukua hadi siku nne. Magawa, aliyezaliwa Tanzania akafanya kazi Kambodia, alivishwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Kuna aliyempita: Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu ya ardhini 109 katika jimbo la Preah Vihear tangu Agosti 2021, na Aprili 2025 akaingizwa kwenye kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness. Timu ya taifa ya mchezo gani ina rekodi hiyo? Nasubiri majibu.

Kinachowapandisha kwenye orodha hii, lakini, ni kifua kikuu. Makohozi yaliyokwisha pimwa kwenye vituo vya afya na kuonekana hayana kitu hupelekwa kwa panya wayanuse upya. Sampuli 100 ni kazi ya dakika 20 kwake. Kwa fundi wa maabara mwenye hadubini ni kazi ya siku kadhaa. Akisita kwenye sampuli, maabara inaipima tena kwa njia inayotambulika kabla mgonjwa hajaambiwa neno, kwa hiyo hakuna anayeandikiwa dawa na panya. Lakini wapo watu waliorudishwa nyumbani na kikohozi chao, wakapigiwa simu warudi kituoni, na chanzo cha simu hiyo ni pua yenye masharubu.

Na wameongezewa ajira. Utafiti wa Oktoba 2024 ulionyesha wanaweza kufunzwa kunusa magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za faru na mbao za mpingo hata zikifichwa ndani ya kahawa au sabuni. Wamejaribiwa bandari ya Dar es Salaam wakiwa wamevalishwa vizibao vidogo vyekundu vyenye kidude kifuani. Akinusa magendo, anakivuta na mlio unatoka. Tembo wa namba sita, mlinzi wako ndiye huyo.

Salamu kwa waliokosa nafasi

Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 na kioo chake cha mita 6.5: picha zako ni nzuri mno, kaa pale pale kilomita milioni 1.5 uendelee kuzituma. India iliyotua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa gharama ya takriban dola milioni 75, fedha ambayo kwa safari za anga ni ya kubana sana matumizi: hongera za jirani wa ng'ambo ya bahari. Sindano za kupunguza uzito, ambazo mojawapo ya mizizi yake ni kemikali iliyogunduliwa kwenye sumu ya mjusi wa jangwa la Marekani: tutaonana mkishuka bei. Twende kwenye nne za mwisho, ambako utani unapungua kidogo.

4. Selimundu imepata tiba, bei imepata wazimu

Mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wanavyoiita, ana chembe nyekundu za damu zinazojipinda umbo la mundu na kukwama kwenye mishipa. Maumivu yake anayajua mgonjwa, na mzazi aliyekesha naye. Sasa sikia ujanja huu. Kila mmoja wetu, akiwa tumboni, alitumia himoglobini ya aina nyingine ambayo haina kasoro hiyo. Tukishazaliwa mwili unaizima, na swichi yake ni kinasaba kiitwacho BCL11A. Madaktari huchukua seli mama za damu za mgonjwa, huvuruga swichi hiyo kwa CRISPR, njia ya kuhariri vinasaba iliyowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Nobeli ya 2020, kisha huzirudisha mwilini. Himoglobini ya tumboni inaamka na kurudi kazini. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, Casgevy, Novemba 2023. Marekani ikafuata Desemba.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Juu ya hapo, kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa kemikali kali za kusafisha uloto na kulazwa wiki kadhaa. Hapo ndipo msomaji wa Geita anapofunga gazeti, na ana haki, kwa sababu Tanzania peke yake watoto takriban 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Kwa kanuni niliyoitangaza, tiba hii ilistahili kushuka daraja. Nimeipa nafasi ya nne kwa sababu imethibitisha kwamba selimundu inang'oleka kwenye mzizi, na watafiti sasa wanatafuta namna ya kuifanya kazi hiyo kwa sindano, ndani ya mwili, bila zile kemikali. Halafu nyumbani watu hawakukaa kungoja. Hospitali ya Muhimbili imefuatilia maelfu ya wagonjwa kwa miaka zaidi ya ishirini, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani na wenzake. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Na kidonge cha haidroksiyurea kipo, kinapunguza mashambulio, na bei yake ni ya wanadamu. Kama kwenu kuna mtoto anayelia viungo na kuishiwa damu kila mara, mpelekeni apimwe. Kipimo hakidai dola milioni.

3. Sifuri tamu kuliko zote

Shuleni sifuri ilituletea viboko. Juni 2024 ilileta vigelegele. Wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wa Afrika Kusini na Uganda walikuwa wamejitolea kwenye utafiti uitwao PURPOSE 1. Kati yao 2,134 walichomwa lenakapaviri, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo inayotolewa mara moja kila miezi sita kuzuia VVU. Walioambukizwa katika kundi hilo: 0. Katika kundi la wanawake 1,068 waliopewa vidonge vya Truvada vya kila siku, walioambukizwa walikuwa 16. Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town alipoyasoma matokeo hayo mjini Munich mwezi Julai, ukumbi wa wanasayansi, watu wasiosimama ovyo, ulisimama.

Kidonge chenyewe hakina ubaya. Kinachosumbua ni maisha yanayokizunguka. Kidonge kina kopo, na kopo lina kelele mkobani. Wifi atalisikia, mpenzi ataliona, na binti ataulizwa anaumwa nini au anamficha nani. Basi anakiacha nyumbani leo, kesho anasahau, na kinga inakatika. Sindano za mara mbili kwa mwaka hazina kopo. Siri inabaki kati yake na muuguzi.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo Juni 2025 kwa bei ya zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mwezi uliofuata, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ukiwa Kigali, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza rasmi. Septemba 2025 yakatangazwa makubaliano ya viwanda viwili vya India, Dr. Reddy's na Hetero, kuitengeneza kwa dola 40 kwa mwaka kwa nchi 120 za kipato cha chini na cha kati, kuanzia 2027. Kutoka 28,000 hadi 40! Wazoefu wa kupatana bei Kariakoo, hawa ni wenzenu, wapeni mkono. Kilichobaki ni serikali zetu kuiagiza kwa wakati, maana binti wa miaka 17 leo hana miaka ya kuchezea.

2. Mbu amezingirwa pande tatu

Mwaka 2023 malaria iliua watu takriban 597,000, asilimia 95 kati yao Afrika, wengi wakiwa watoto chini ya miaka mitano. Mbu hajawahi kukosa ajira kwetu. Ila safari hii anakabwa kutoka pande ambazo hakuzizoea.

Upande wa kwanza ni chanjo, na sasa ziko mbili. RTS,S ilianza kutolewa kwa majaribio mapana Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, na WHO ikaipendekeza 2021. Oktoba 2023 ikaja R21, kazi ya Chuo Kikuu cha Oxford na Serum Institute ya India, iliyojaribiwa kwa watoto 4,800, wakiwemo wa Bagamoyo na Kilifi. Bei yake haifiki dola 4 kwa dozi, na kiwanda kinaweza kutoa nyingi. Aprili 2025 Uganda ilianza kuitoa katika wilaya zaidi ya mia. Kinga yake si kamili na hufifia, ndiyo maana kuna dozi ya nne, na ndiyo maana chandarua hakistaafu.

Upande wa pili ni Kwale, pwani ya Kenya, na huu ndio unaonichekesha kwa raha. Watafiti waliwapa watu ivamektini, dawa ya zamani ya minyoo na usubi, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Dawa kwa kawaida haimdhuru binadamu, lakini mbu akija kunyonya damu anaondoka na dozi yake na kufa. Anakuja kula, analishwa. Matokeo yaliyotoka Julai 2025 yalionyesha maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, juu ya kinga ambayo vyandarua vilikuwa tayari vinatoa.

Upande wa tatu ni kitu ambacho kilipaswa kuwapo zamani. Dawa za mseto za malaria zilikuwa zimepangwa kwa watoto wa kuanzia kilo 5. Kichanga wa kilo 3 akiugua, mhudumu alilazimika kukata na kukadiria dozi ya mtoto mkubwa, na ini la kichanga halisamehe makadirio. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha dawa ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya hao wadogo, na mataifa manane ya Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda yakiwemo, yalishiriki kuitathmini ili isichelewe kuvuka mipaka. Inayeyuka hata kwenye maziwa ya mama. Miongo mingapi tumewaambia wazazi wa kichanga "tutajaribu"? Sasa wana dawa.

1. Shuka la plastiki

Wapenzi wa roketi, sogeeni karibu muone lililowashinda. Ni shuka la plastiki. Linatandikwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka, na mwisho wake una mfuko wenye mistari ya vipimo, unaokusanya damu. Halina betri wala halihitaji mtandao, na bei yake ni ya dola moja au mbili.

Kila mwaka takriban wanawake 45,000 duniani hufa kwa kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Kwa vizazi vyote damu hiyo ilikadiriwa kwa macho. Inalowa kwenye khanga, inalowa kwenye pamba, nyingine iko sakafuni, na ni usiku, muuguzi mmoja ana wazazi watatu. Hata mkunga hodari wa miaka thelathini hukadiria pungufu, kwa sababu jicho halikuumbwa kupima mililita. Anapogundua ni nyingi, dakika zimekwenda.

Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham na kuchapishwa Mei 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 210,000. Shuka lilikuwa nusu ya mpango. Nusu ya pili ilikuwa kufanya mambo yote kwa mkupuo mmoja: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuukaza kama oksitosini, asidi ya traneksamiki ya kuzuia damu iliyoganda isiyeyuke, dripu, na kumchunguza mama chanzo ni nini. Zamani yalifanywa moja baada ya jingine: hili likishindwa ndipo lile lijaribiwe, na mama anazidi kupungua.

Katika hospitali zenye utaratibu wa kawaida, waliovuja damu kupita kiasi waligunduliwa nusu tu. Zenye shuka, asilimia 93. Waliofikia hatua mbaya kabisa, yaani kuvuja damu hadi lita moja, kupasuliwa tumbo ili kuizuia, au kufa kwa ajili yake, walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Soma tena hizo namba mbili. Ni punguzo la asilimia 60, kwa dawa ambazo nyingi zilikuwa tayari kwenye kabati la wodi.

Na humo ndani yumo mtu anayestahili kutajwa. Asidi ya traneksamiki iligunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mumewe Shosuke, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Utako alitaka ijaribiwe kwa wazazi wanaovuja damu. Madaktari wa uzazi wa Kobe hawakukubali. Dawa ikatumika kwa mengine, miongo ikapita. Jaribio kubwa la wanawake 20,000 wa nchi 21, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, lilitoa jibu mwaka 2017: ikitolewa ndani ya saa tatu, vifo vya kuvuja damu hupungua kwa karibu theluthi moja. Utako alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 98. Alikuwa sahihi muda wote huo.

Oktoba 2025 WHO, pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa uzazi, ilishusha kizingiti. Mkunga asingoje mililita 500. Damu ikifika 300, na mapigo ya moyo au presha vimeanza kwenda kombo, aanze matibabu hapo hapo. Mililita 300 haziwezi kuonekana kwa macho kwenye khanga iliyolowa, lakini kwenye mfuko wenye mistari zinaonekana hata kwa mwanga wa tochi ya simu. Kwa hiyo ukimsindikiza dada, mke au binti leba, muulize muuguzi kwa heshima kama shuka la vipimo lipo. Likiwa halipo, muuguzi hana kosa; swali lipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa diwani, na wiki ijayo uliza tena.